Historia ya Kisigino

Ndugu msomaji, hebu vua kiatu chako kimoja. Usione haya, hata kama upo ndani ya basi. Jirani yako atajifanya hajaona. Ingiza kidole kwa nyuma, pale kisigino kinapokaa, kisha ubonyeze. Kama kiatu bado kizima utakuta kitu kigumu kimejificha kati ya ngozi ya nje na bitana. Mbele ya kile kigumu kuna kitu laini: ngozi, kitambaa au sponji. Kile kigumu kazi yake ni kushika kisigino kisiyumbe. Kile laini kazi yake ni kuzuia kile kigumu kisikuchubue. Ni vitu viwili vidogo, tena havionekani, na anayenunua kiatu hatazami huko. Hutazama mbele, kama kinang'aa na kama kimechongoka.

Hata mimi nilikuwa mtazama mbele. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2017, na tangu hapo naandika riwaya ambayo haitaki kuisha. Nilikuwa nikiamini kwamba historia ni habari za machifu, vita na mikutano ya wakubwa. Kisigino ni cha nani hata kiwe na historia? Lakini nina deni, na deni lenyewe limekaa kwenye kisigino cha mtu. Nitalisema mbele ya safari. Kwanza twende kwa fundi.

Pale Shinyanga mjini, jirani na soko, yupo mzee mmoja anayeshona viatu. Mali yake ni kigoda, shazia tatu, donge la nta na sanduku la mabaki ya ngozi. Siku ya kwanza nilimpelekea raba zangu za mtumba ambazo zilikuwa zimeniotesha lengelenge mguu wa kulia. Akapokea shikamoo yangu, akaingiza mkono ndani ya raba, akacheka.

"Kijana, hii namba ngapi?"

"Arobaini na tatu, mzee."

"Na mguu wako?"

"Arobaini na mbili. Ila hiyo inanibana vidole."

"Basi ndiyo ugonjwa wenyewe huo."

Akanieleza huku akishona. Mguu uliokua peku hutanuka kwa mbele, kwa sababu vidole vimezoea uhuru. Kisigino hakitanuki hivyo. Sasa viatu vya kiwandani hutengenezwa juu ya kalibu, ule mguu wa mti au wa plastiki unaovalishwa ngozi mpaka ishike umbo. Kalibu nyingi zilichongwa kwa kufuata miguu ya Ulaya, iliyokulia ndani ya viatu tangu utotoni, miembamba kwa mbele. Mtu wa kwetu akivaa namba yake, vidole vinalia. Basi anapanda namba moja. Vidole vinapata raha, lakini nyuma panabaki uwazi, na kisigino kinapanda na kushuka kila hatua. Ngozi inashikwa na kiatu, mfupa ulio ndani unaendelea na safari yake. Ngozi inavutwa huku na huku mpaka tabaka zake zinaachana na maji yanajaa katikati. Hilo ndilo lengelenge. Jasho likiwepo, ngozi inalainika, na mambo yanakwenda haraka zaidi.

"Kinatosha mbele, hakitoshi nyuma," akasema mzee. "Hicho ndicho kiatu chetu sisi tangu Mzungu alipokuja."

Niliiandika sentensi hiyo kwenye daftari siku ileile. Nikaanza kuuliza watu na kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Turudi kwanza karne ya 19. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, na kutoka hapo ikapanda kuja huku kwetu mpaka Ziwa Nyanza. Wapagazi waliosifika kuliko wote walikuwa Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma. Mzigo wa mtu mmoja ulikaribia ratili 70, yaani kilo 30 na ushee, na safari ya Tabora hadi pwani ilikula miezi. Wengi walitembea peku. Mwenye nafasi alijifungia chini ya mguu kipande cha ngozi mbichi ya ng'ombe kwa kamba, apite kwenye miba na mchanga wa moto. Watu wa pwani wana methali yao, kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi; lakini pembe ya ndovu haivuji. Mpagazi lengelenge alilijua begani. Kisigino chake kilikuwa kimekomaa kama gamba la mti, kiatu alichokuwa ametengeneza mwenyewe kwa kutembea.

Kisha akaja adui mdogo kuliko punje ya mtama. Mwaka 1872, meli iliyotoka Brazili ilitia nanga Ambriz, pwani ya Angola, ikiwa na mchanga wa kuipa uzito, na ndani ya mchanga huo walikuwemo funza. Kabla ya hapo Afrika yetu haikumjua funza anayechimba ndani ya mguu. Akafuata njia za misafara, mguu hata mguu, na katika miaka ya 1890 alikuwa amelikata bara zima mpaka upande wetu. Wasafiri wa Ulaya waliopita Uzinza miaka hiyo waliandika kwamba walikuta watu wana njaa ilhali chakula kipo shambani. Miguu ilikuwa imeoza kwa funza, hawakuweza kwenda kulima wala kukata ndizi zilizokuwa karibu. Uzinza hiyo, ndugu msomaji, ndiko Geita na Sengerema za leo.

Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya kwa muda. Funza hupenda vidole na kisigino. Lile gamba lililomtosha mpagazi kwa miba ya Ugogo halikumtosha kwa mdudu aliyeletwa na meli. Nchi nzima ikalala njaa kwa sababu ya kisigino, na katika historia niliyofundishwa darasani sikumbuki kuyasikia hayo hata mara moja.

Vita ya kwanza ya dunia ilipofika huku, mwaka 1914, kisigino kiliingia jeshini. Tazama picha za askari wa KAR wa wakati ule. Kofia ipo, sare ipo, bunduki ipo, na vitambaa vimezungushwa kuanzia chini ya goti mpaka kwenye kifundo cha mguu. Chini ya hapo hakuna kitu. Peku! Wapagazi waliobebeshwa mizigo na upande wa Waingereza, wanaokadiriwa kufika milioni moja katika vita nzima, nao walikwenda vivyo hivyo. Upande wa pili, Wajerumani walizibiwa bahari na meli za Waingereza, viatu vya kwao vikawa adimu. Wakaanza kutengeneza viatu kwa ngozi za huku huku. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, aliandika baadaye katika kumbukumbu zake kwamba hata yeye alijifunza kushona viatu. Nampenda jenerali huyo kwa jambo hilo moja tu. Kisigino kilimfundisha kuwa fundi.

Waingereza walipotawala, kiatu kikawa cheo. Karani alikuwa na viatu, mpishi wake hakuwa navyo. Kampuni ya Bata, iliyoanzishwa mwaka 1894 katika mji wa Zlín, katika nchi iliyokuja kuitwa Chekoslovakia, ilijenga kiwanda Limuru, Kenya, katika miaka ya 1940, na viatu vyake vikasambaa hadi kwetu. Watu walivinunua kwa fedha za pamba. Nimesimuliwa na wazee wa kijijini kwetu kwamba mtu aliyenunua viatu aliviweka begani mpaka alipokaribia kanisani au mnadani, ndipo akanawa miguu na kuvivaa. Tulikuwa tukicheka tukisikia hivyo, eti washamba. Sasa sicheki. Mtu aliyekwenda kilomita kumi peku na mita mia moja na kiatu alikuwa na akili. Alikilinda kisigino chake kwa njia pekee aliyokuwa nayo, kwa kutokivaa.

Lakini wapo waliotafuta njia nyingine. Gari zilipozidi kuwa nyingi, matairi yaliyokwisha nayo yakazidi. Watu wenye kisu na misumari midogo wakayakata. Soli ni tairi lenyewe, na mikanda miwili mitatu imekatwa kwenye tairi hilohilo au kwenye mpira wa ndani. Mkanda wa mwisho unazunguka nyuma ya kisigino. Hiyo ndiyo katambuga. Kwa mchunga ng'ombe wa Shinyanga, ambako miba ya migunga hupenya raba kama sindano kwenye shuka, hakuna kiatu kinachoishinda. Na tazama jinsi ilivyotatua hesabu ya mzee wa shazia. Mbele iko wazi, vidole vinakaa vinavyotaka. Nyuma kuna mkanda unaokatwa kwa kipimo cha mguu wako wewe, si wa mtu wa Zlín. Kikizidi unapunguza, kikipungua unasogeza msumari. Ni kiatu kilichoanzia kwenye kisigino cha mvaaji.

Tena ni kiatu kilichochekwa kuliko vyote. Msukuma na katambuga zake! Nani hajausikia utani huo huko Dar?

Baada ya Uhuru tulitaka kujivalisha wenyewe. Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, Bata ilikuwa miongoni mwa kampuni ambazo serikali ilitangaza kuchukua hisa nyingi zaidi ndani yake. Baadaye kiwanda cha Dar es Salaam kikaja kujulikana kwa jina la Bora. Mwaka huohuo watu walikuwa wanaliunga mkono Azimio kwa kutembea, vijana kwa wazee. Oktoba, Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200. Nikiona picha za matembezi ya miaka ile huwa natazama chini, miguuni. Nchi ilikuwa imeamua kwenda kwa miguu na kujishonea viatu kwa wakati mmoja. Wazo lilikuwa zuri, na mimi sitalicheka.

Ilivyokwenda ndiyo habari nyingine. Ng'ombe tunao, na Usukuma ndiko waliko kwa wingi. Viwanda vya ngozi vikajengwa Mwanza, Moshi na Morogoro. Kisha kikaja kiwanda kikubwa cha viatu cha Morogoro, kwa mkopo wa Benki ya Dunia katika miaka ya 1970. Kilipangwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, sehemu kubwa iende kuuzwa Ulaya. Jengo likawa na kuta za alumini zisizopitisha hewa, katika jua la Morogoro! Hakikuwahi kuzalisha zaidi ya asilimia 4 hivi ya uwezo wake. Hakikuuza Ulaya hata jozi moja. Kikasimama mwaka 1990. Wataalamu wameandika mengi kuhusu umeme, vipuri na uongozi. Mimi nasema kitu kidogo tu kwa jicho la kisigino: hata kile kiwanda chetu kilianza kwa kufikiria mguu wa Ulaya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viatu viliadimika kama sukari na sabuni. Watu walipanga foleni kwenye maduka ya RTC bila kujua kinachouzwa. Likija shehena la viatu, unachukua ulichopewa, namba baadaye. Mwenye mguu wa saba akapata tisa, akajaza karatasi mbele. Karatasi mbele, ndugu zangu, wakati penye uwazi ni nyuma! Mwaka 1984 serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na Mzee Mwinyi aliposhika nchi mwaka 1985 mlango ukafunguka zaidi. Mitumba ikamiminika. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kwamba nguo na viatu vya mitumba viondoke sokoni ifikapo 2019; muda huo ulipita na mitumba ikabaki pale pale.

Sijaja kuitukana mitumba, nimeivaa maisha yangu yote. Ila mzee wa shazia alinionyesha jambo. Alishika kiatu kimoja cha mtumba, kizuri kabisa, akanigeuzia ndani. Bitana ya nyuma ilikuwa imelika upande mmoja, na ule ukuta mgumu ulikuwa umeinama kidogo kuelekea nje.

"Mwenyewe wa kwanza alikuwa anatembea hivi," akasema, akiinamisha kiganja. "Wewe unakuja na kisigino chako ndani ya shimo la kisigino chake."

Sasa nifike kwenye deni.

Baba yangu alikuwa mchimbaji. Ukanda huu wote, kuanzia Kahama mpaka Geita, una dhahabu, na mgodi wa Geita wa enzi ya mkoloni ulifanya kazi tangu 1936 hadi 1966. Ulipofungwa, mwamba haukufungwa. Wachimbaji wadogo waliongezeka, hasa baada ya mwaka 1990, Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu yao. Baba alitoka kijijini Shinyanga na jembe, akaenda Bulyanhulu, ambako vijana wa kila kabila walikuwa wanashuka kwenye maduara. Huko akanunua gambuti kwa mwenzake aliyekuwa anarudi nyumbani. Namba ilikuwa imezidi. Nani angeuliza namba?

Najua gambuti zikoje, maana nami baada ya kidato cha nne nilikwenda kujaribu bahati upande wa Geita, nikabeba mifuko ya mawe kutoka kwenye duara hadi kwenye karasha kwa miezi mitano. Gambuti haina kamba. Haikushiki popote. Mguu unaogelea ndani, jasho halina pa kutokea, maji ya shimoni yakiingia ndiyo yamehamia. Kisigino kinapanda, kinashuka, kinapanda, kinashuka. Wenzangu walinifundisha kuvaa soksi mbili, ya ndani nyembamba na ya nje nene, ili soksi zisuguane zenyewe kwa zenyewe ziiache ngozi. Asiye na soksi alizungusha tambara. Wengine walipaka mafuta ya mgando au walisugua mche wa sabuni mle ndani. Hayo yote ni elimu, na sikuikuta kwenye kitabu chochote.

Baba hakuwa na soksi. Mwaka 1996, mwishoni mwa Julai, serikali iliwaamuru wachimbaji wadogo waondoke Bulyanhulu, eneo lipishe mgodi mkubwa, ambao ulianza uzalishaji mwaka 2001. Watu wakatawanyika Agosti ile kila mmoja na njia yake. Mengi yamesemwa kuhusu siku zile, na wapo waliosomea wanayoyaandika. Mimi naandika ninachokijua. Baba aliondoka usiku na gambuti zake miguuni, mgongoni kiroba cha nguo, akaelekea Kahama kwa kukata porini na wenzake wawili. Walitembea siku mbili kasoro, ndipo lori la pamba likawabeba. Alipovua gambuti ndani ya lori, ngozi ya kisigino cha kushoto ilibaki ndani.

Kidonda kile kilikaa naye zaidi ya mwaka. Kiliingia vumbi, kikavimba, kikatunga usaha, kikafika karibu na ule mshipa mnene unaoshuka nyuma ya mguu. Kilipopona kiliacha kovu la duara, jekundu, ngozi nyembamba kama ya yai ndani ya ganda. Kitu chochote kikigusa pale, baba hukunja uso. Ndiyo maana hakuvaa tena kiatu cha kufunika. Alivaa katambuga, na ule mkanda wa nyuma aliuzungushia kipande cha ngozi laini ya mbuzi, akakishona kwa mkono wake.

Mimi nilizaliwa baada ya hayo. Nilichokiona utotoni ni baba wa katambuga, basi. Alisema "nilichubuka machimboni", nami nikachukulia kama mtoto anavyochukulia.

Siku ya mahafali yetu ya kidato cha nne, wazazi walikuja wamependeza. Moka zinang'aa, wengine suti. Baba alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi na mama, suruali nyeusi, na katambuga. Alisimama chini ya mwarobaini, mbali kidogo, akinitafuta kwa macho. Mwenzangu mmoja wa mjini akaniuliza, "Yule mzee wa katambuga ni nani?"

Nikasema, "Jirani yetu. Kaleta ujumbe kutoka nyumbani."

Nilisema hivyo nikiwa hatua chache tu kutoka pale. Baba aligeuza uso akatazama jukwaani. Mpaka leo sijui kama alisikia. Alinipa mkono mbele za watu kama jirani angenipa mkono, akasema "Hongera, kijana." Nyumbani huwa ananiita mwanangu.

Ndugu msomaji, hilo ndilo deni. Nilikwenda machimboni kwa sababu nyingine kabisa, kutafuta fedha, lakini wiki ya pili, nilipovua gambuti na kuona damu kwenye soksi, kitu cha kwanza kunijia ni ile ngozi ya mbuzi kwenye mkanda wa baba. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilikuwa nimecheka kitanda cha mtu aliyelala hapo miaka ishirini.

Niliporudi Shinyanga nilikwenda tena kwa mzee wa shazia. Nilikuwa na jozi ya viatu vyeusi vya ngozi, si vipya, ila ngozi yake bado hai. Nikamweleza habari ya kovu. Hakucheka mara hii. Akauliza ni mguu gani, kovu liko juu au chini, ukubwa wake sawa na sarafu ipi. Akafungua bitana ya nyuma, akautoa ule ukuta mgumu wa kiatu cha kushoto, akaukata tundu mahali pa kovu. Juu yake akaweka sponji nyembamba, na juu ya sponji akashona ngozi ya mbuzi. Akaigeuza ngozi, upande wenye nyuzinyuzi ukatazama ndani.

"Upande laini unateleza," akasema. "Huu unashika. Kisigino kikishikwa hakisuguki. Wengi wanadhani ulaini ndio dawa. Dawa ni kutulia."

Kisha akaongeza kitambaa kidogo mbele, chini ya ulimi wa kiatu, ili mguu usukumwe nyuma ukae mahali pake. Ilimchukua mchana mzima. Akanitajia bei nikaona aibu kwa udogo wake.

Nilivipeleka kijijini vimefungwa kwenye gazeti. Asubuhi nilimwamkia baba, "Mwangaluka, baba," akaitikia, nikampa. Alivigeuza, akaingiza kidole kwa nyuma kama nilivyokuomba wewe ufanye mwanzo wa makala hii. Alikaa na kidole mle ndani muda mrefu. Akavivaa, akatembea mpaka zizini, akarudi. Mimi nilikuwa namtazama uso tu. Hakuukunja.

"Nani kakwambia habari ya tundu?" akauliza.

"Nilienda machimboni, baba. Gambuti zilinichubua."

Akatikisa kichwa. Akasema, "Wabeja." Halafu baada ya kimya, huku akivua kiatu cha kushoto na kukipangusa vumbi: "Siku ile ya mahafali, mwanangu, ungeniambia tu nije peku."

Kumbe alisikia.

Sikuwa na jibu, na leo pia sina, ndiyo maana nimeandika. Viatu vile anavivaa kanisani na misibani. Porini bado ni katambuga, na yuko sahihi. Sisemi wote turudi kwenye matairi. Mchimbaji anahitaji buti la kufunika. Jiwe likidondoka, katambuga haina la kumsaidia, na kwenye maji yenye zebaki ndiyo kabisa. Ninachosema ni kwamba buti hilo lianze kwa kupima mguu wa atakayelivaa. Pale Karanga, Moshi, kiwanda kipya cha viatu kilizinduliwa mwaka 2020. Nakiombea heri. Nikipata nafasi ya kuingia humo sitauliza jozi milioni ngapi. Nitaomba nionyeshwe kalibu, niishike kisiginoni.

Na ninyi wenzangu mnaoandika, mnaotafuta habari kubwa kama nilivyokuwa nazitafuta mimi, kuna mzee kwenu aliyekaa nje sasa hivi. Muulize alichubukia wapi. Muulize mapema, kabla hujamwita jirani.